Mji Unaokua Haraka: Faida, Gharama na Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kununua Ploti

Mfano wa Houston, Texas

Miji ya kaunti nyingi nchini inapanuka. Shamba lililokuwa na mahindi miaka kumi iliyopita leo lina vigingi, na tangazo la ploti za futi 50 kwa 100 limesimama kando ya barabara. Nakuru ilipata hadhi ya jiji Desemba 2021, na Eldoret ikafuata Agosti 2024. Miji midogo nayo inavuta watu kutoka vijijini kila mwaka. Familia nyingi zinajiuliza kama wakati umefika wa kununua ploti, kuhamia mjini, au kuuza kipande cha shamba kwa anayetaka kujenga.

Swali hilo ni gumu kwa sababu faida za mji unaokua huonekana mapema, ilhali gharama zake huchelewa. Kazi, maduka na nyumba mpya huonekana tangu siku ya kwanza. Mafuriko, msongamano wa magari, ukosefu wa maji na kodi zinazopanda huja baadaye, na mara nyingi huwapata watu ambao hawakuwapo wakati maamuzi yalipofanywa.

Makala haya yanaeleza jinsi mambo hayo yalivyotokea Houston, jiji kubwa la jimbo la Texas, kusini mwa Marekani. Kwa familia zenye jamaa ng'ambo, jina hilo si geni. Texas ni makao ya Wakenya wengi, wakiwemo wauguzi, madereva wa malori na wanafunzi. Kiswahili husikika pia katika mitaa ya Houston ambako wakimbizi kutoka Kongo wamepewa makao. Houston imekua kwa zaidi ya miaka 100, kwa hivyo faida na hasara zote mbili zimekwisha kuonekana.

JINSI MJI ULIVYOKUA

Houston ilianza kama biashara ya ploti. Mwaka wa 1836, ndugu wawili, Augustus na John Allen, walinunua ardhi kando ya mto unaoitwa Buffalo Bayou wakaanza kutangaza ploti magazetini. Tangazo lao lilisifu mahali hapo kuwa pameinuka, pana hewa nzuri na maji ya kutosha. Ukweli ni kwamba eneo hilo ni tambarare, lina mbu wengi, na liko takriban mita 15 tu juu ya usawa wa bahari. Homa ya manjano iliua wakazi wengi mwaka wa 1839, miaka mitatu tu baada ya mji kuanzishwa.

Mji ulipata nguvu mwanzoni mwa karne iliyofuata. Mwaka wa 1900 kimbunga kiliharibu Galveston, mji wa bandari ulio kilomita 80 hivi kutoka Houston, na kuua watu wasiopungua 6,000. Mwaka wa 1901 mafuta yaligunduliwa kwa wingi mahali paitwapo Spindletop, mashariki mwa Houston. Kisha mto ukachimbwa na kupanuliwa ili meli kubwa zifike karibu na mji, na njia hiyo ya meli ikafunguliwa rasmi mwaka wa 1914. Tangu hapo bandari na mafuta vimekuwa uti wa mgongo wa uchumi wake.

Mwaka wa 1900 Houston ilikuwa na watu 45,000 hivi. Sensa ya 2020 ilihesabu zaidi ya milioni 2.3 ndani ya mipaka ya jiji, na zaidi ya milioni 7 ukijumlisha viunga vyake. Ni jiji la nne kwa idadi ya watu Marekani.

Ukubwa wake wa ardhi unaeleweka vizuri ukilinganishwa na Nairobi. Kaunti ya Nairobi ina kilomita mraba 696, na sensa ya 2019 ilihesabu humo watu karibu milioni 4.4. Houston ina zaidi ya mara mbili ya eneo hilo, lakini watu wake ni kama nusu. Jiji hilo limetandazwa badala ya kujengwa kwenda juu, na mengi yanayofuata, mazuri na mabaya, yanatokana na hali hiyo.

FAIDA

Faida ya kwanza ni kazi, na si za aina moja. Bandari huajiri wapakiaji, madereva na mafundi. Viwanda vya mafuta na kemikali huajiri wahandisi, wachomeleaji na walinzi. Kituo cha Texas Medical Center, kinachotajwa kuwa mkusanyiko mkubwa zaidi wa hospitali na vyuo vya tiba duniani, kina wafanyakazi zaidi ya 100,000. Shirika la anga za juu la Marekani, NASA, lina kituo kikubwa hapo ambako safari za wanaanga huongozwa. Bei ya mafuta ilipoanguka miaka ya 1980, Houston iliumia sana kwa sababu ilitegemea mno biashara moja. Kupanuka kwa hospitali, bandari na huduma nyingine kumepunguza hatari hiyo.

Faida ya pili ni nyumba. Kwa miaka mingi, mtu mwenye mshahara wa kati ameweza kununua nyumba Houston kwa bei ambayo ingekuwa ndoto katika New York au Los Angeles. Sababu moja ni wingi wa ardhi. Sababu nyingine ni kanuni. Houston ndiyo jiji kubwa zaidi Marekani lisilo na sheria ya kugawa mji katika kanda za makazi, biashara na viwanda. Wapigakura walikataa sheria hiyo mara tatu katika kura za 1948, 1962 na 1993.

Mfano mmoja utaeleweka haraka na mkazi yeyote wa Kenya. Zamani kanuni za Houston zilihitaji nyumba moja ya familia iwe kwenye ploti isiyopungua futi mraba 5,000. Hiyo ni sawasawa na ploti ya 50 kwa 100. Mwaka wa 1998 jiji lilibadilisha kanuni katika eneo la kati na kuruhusu ploti ndogo hadi futi mraba 1,400, mradi masharti fulani yatimizwe. Mwaka wa 2013 kanuni hiyo ilipanuliwa hadi maeneo mengine ya jiji. Ploti iliyokuwa na nyumba moja kuukuu ikaweza kubeba nyumba tatu za ghorofa, kila moja na hati yake. Nyumba nyingi zilijengwa karibu na kazi, na familia zisizoweza kununua ploti nzima zikapata nafasi.

Faida ya tatu ni kwamba jimbo la Texas halitozi kodi ya mapato kwenye mshahara. Mfanyakazi hulipa ile ya serikali kuu ya Marekani pekee. Hata hivyo, kama itakavyoonekana, pesa hizo hutafutwa mahali pengine.

Faida ya nne ni mchanganyiko wa watu. Wahamiaji kutoka Mexico, Vietnam, Nigeria, India na kwingineko wamejenga mitaa, maduka, makanisa, misikiti na mahekalu. Mgeni hupata mtu wa kumshika mkono na chakula alichokizoea, na anaweza kuanza biashara ndogo bila kuwa na jina kubwa.

GHARAMA YA KWANZA: UMBALI

Mji uliotandazwa humlazimu mtu kuwa na gari. Houston ilifungua reli yake ya kisasa ya mjini mwaka wa 2004, na ina mabasi, lakini sehemu kubwa ya viunga haifikiwi kwa urahisi na usafiri wa umma. Nyumba ya bei nafuu iliyo kilomita 40 kutoka kazini huja na gharama ya gari, mafuta, bima na ushuru wa barabara. Familia yenye watu wazima wawili wanaofanya kazi mara nyingi huhitaji magari mawili.

Jibu la kawaida lilikuwa kupanua barabara. Barabara kuu ya kuelekea magharibi, iitwayo Katy Freeway, ilipanuliwa kwa gharama ya takriban dola bilioni 2.8, na kazi ikakamilika mwaka wa 2008. Katika sehemu yake pana zaidi ina leni 26, ukihesabu zile za kando. Mwanzoni magari yalipita vizuri. Kisha barabara hiyo ikawavutia watu kujenga mbali zaidi, magari yakaongezeka, na kati ya 2011 na 2014 muda wa safari ya jioni uliongezeka kwa zaidi ya nusu. Barabara pana bila mpango wa mahali pa kujenga ilileta nafuu ya miaka michache tu.

GHARAMA YA PILI: MAJI YA MVUA

Gharama kubwa zaidi imekuwa mafuriko. Uwanda wa nyasi uliozunguka Houston ulikuwa ukifyonza mvua na kuiachia taratibu. Kila shamba lililogeuzwa kuwa paa, lami na maegesho lilipunguza uwezo huo. Maji ambayo zamani yalichukua siku kadhaa kufika mtoni yakaanza kufika kwa saa chache.

Mwezi Agosti 2017 kimbunga Harvey kilisimama juu ya eneo hilo kwa siku kadhaa. Mahali pengi palipata zaidi ya mita moja ya mvua. Zaidi ya nyumba 150,000 ziliingiwa na maji katika kaunti ya Harris, ambamo sehemu kubwa ya Houston imo. Hasara yote ya kimbunga hicho ilikadiriwa kuwa dola bilioni 125. Zaidi ya nusu ya nyumba zilizofurika katika kaunti hiyo zilikuwa nje ya eneo lililochorwa kwenye ramani rasmi kuwa la hatari. Wenye nyumba wengi hawakuwa na bima ya mafuriko kwa sababu ramani iliwaambia hawaihitaji.

Kisa cha mabwawa ya Addicks na Barker kinastahili kuangaliwa na kila anayenunua ardhi. Serikali kuu ya Marekani ilijenga mabwawa hayo mawili magharibi mwa Houston katika miaka ya 1940, baada ya mafuriko makubwa ya 1929 na 1935. Kwa kawaida huwa makavu. Maji huzuiwa humo wakati wa mvua kubwa ili katikati ya jiji pasifurike. Tatizo ni kwamba serikali haikununua ardhi yote ambayo maji yangeweza kuifunika bwawa likijaa kabisa. Ardhi iliyobaki ikawa mali ya watu binafsi. Mji ulipowadia, wastawishaji walijenga humo maelfu ya nyumba, na shule na barabara zikafuata.

Baadhi ya michoro ya ploti hizo ilikuwa na maandishi madogo yaliyosema kwamba eneo hilo linaweza kufunikwa na maji kwa makusudi. Wengi walionunua baadaye walisema hawakuwahi kuyaona maandishi hayo wala kuambiwa. Mwaka wa 2017 maji ya Harvey yalijaa mabwawani na kurudi nyuma hadi ndani ya nyumba zao. Wakati huohuo, wahandisi walilazimika kufungua milango ya mabwawa, na nyumba za upande wa chini nazo zikafurika. Desemba 2019 mahakama ya serikali kuu iliamua kwamba serikali inawajibika kwa mali za upande wa juu. Uamuzi huo ulikuja zaidi ya miaka miwili baada ya watu kupoteza vitanda, magari, vyeti na picha za familia.

GHARAMA YA TATU: MAJI YA KISIMA NA ARDHI INAYOZAMA

Houston na viwanda vyake vilikunywa maji ya visima virefu kwa miongo mingi. Maji yalipotolewa kwa wingi, tabaka za udongo chini zilishikana na ardhi ikaanza kushuka. Katika sehemu za mashariki karibu na njia ya meli, ardhi ilishuka hadi takriban mita 3. Mtaa wa Brownwood katika mji jirani wa Baytown ulikuwa wa watu wenye uwezo, wenye nyumba nzuri ufukweni. Ulizama kidogo kidogo hadi maji ya bahari yakawa yanaingia nyumbani kila dhoruba ilipokuja. Kimbunga Alicia kiliumaliza Agosti 1983. Watu walihama wasirudi, na leo mahali hapo ni hifadhi ya ndege na mimea.

Mwaka wa 1975 bunge la Texas liliunda chombo maalumu cha kudhibiti visima, na jiji likahamia kwa sehemu kubwa kwenye maji ya mito na mabwawa. Kuzama kulipungua sana upande wa mashariki. Katika viunga vya kaskazini-magharibi, vilivyokua haraka vikitegemea visima, ardhi iliendelea kushuka. Udongo wa kila mahali si sawa, na si kila kisima huzamisha ardhi. Lakini mtaa ambao kila nyumba ina kisima chake unatumia akiba moja ya maji, hata kama kila mwenye nyumba anadhani ana yake.

GHARAMA YA NNE: KODI ZILIZOFICHWA KATIKA BEI

Nyumba ya bei nafuu katika viunga vya Houston mara nyingi huwa katika eneo ambalo jiji halijapeleka mabomba. Sheria ya Texas huruhusu kuundwa kwa wilaya ndogo za huduma kwa ajili ya mtaa mpya. Wilaya hiyo hukopa kwa kuuza bondi, hujenga mabomba ya maji, majitaka na mifereji, kisha wanunuzi wa nyumba hulipa deni hilo kupitia kodi ya mali kwa miaka mingi. Njia hii imewezesha mitaa kupata huduma mapema. Pia imewashtua wanunuzi waliotazama bei ya nyumba bila kuuliza kodi.

Kodi ya mali katika eneo la Houston, ukijumlisha ya shule, kaunti, jiji au wilaya ya huduma, kwa muda mrefu imekuwa karibu asilimia 2 ya thamani ya nyumba kila mwaka, kabla ya misamaha. Kwa nyumba ya dola 250,000, hiyo ni takriban dola 5,000 kwa mwaka. Mtaa unapopendwa na thamani kupanda, kodi hupanda pia, hata kama mapato ya mwenye nyumba hayakuongezeka. Mtu aliyestaafu anaweza kujikuta akiishi katika nyumba aliyomaliza kuilipia, lakini hawezi kumudu kuibaki nayo.

GHARAMA YA TANO: NANI ANABEBA TAKA

Mji unaokua huzalisha taka, moshi na kelele, na lazima vipelekwe mahali. Mwaka wa 1979 wakazi weusi wa mtaa wa Northwood Manor, kaskazini-mashariki mwa Houston, walienda mahakamani kupinga jaa la taka lililopangwa karibu na nyumba na shule zao. Mtaalamu wa jamii, Robert Bullard, aliombwa kuchunguza mahali taka za jiji zilikuwa zikipelekwa. Aligundua kwamba majaa yote matano yaliyomilikiwa na jiji na matanuri sita kati ya manane ya kuchomea taka yalikuwa katika mitaa ya watu weusi, ingawa wao walikuwa kama robo tu ya wakazi. Wakazi hao walishindwa kesi, lakini uchunguzi huo uliweka msingi wa harakati za haki ya mazingira zinazoendelea hadi leo.

Kukosekana kwa kanda za matumizi ya ardhi kuliongeza tatizo hili. Mitaa yenye pesa hujilinda kwa masharti yanayoandikwa kwenye hati za ploti, yanayozuia karakana, baa au kiwanda. Mitaa maskini, ambako masharti hayo hayapo au muda wake umekwisha, huamka na kukuta mtambo wa kuchanganya saruji mkabala na dirisha. Uhuru wa kujenga unamfaa anayejenga. Jirani yake hufaidika tu ikiwa kuna anayeangalia.

GHARAMA YA SITA: JOTO NA UMEME

Kiangazi cha Houston ni kirefu na chenye unyevu, na joto hupita nyuzi 35 mara kwa mara. Mashine za kupoza hewa hufanya kazi mchana na usiku, na bili ya umeme hupanda. Mji uliozoea mashine hizo huumia sana umeme unapokatika. Februari 2021 baridi kali isiyo ya kawaida iliangusha mitambo ya umeme ya Texas. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 zilikosa umeme na serikali ya jimbo ikahesabu vifo 246. Julai 2024 kimbunga Beryl kiliwaacha gizani wateja zaidi ya milioni 2 katika eneo la Houston, baadhi kwa zaidi ya wiki moja, katika joto kali.

HATUA ZILIZOCHUKULIWA

Houston haikukaa kimya. Aprili 2018 baraza la jiji lilipitisha kanuni kwamba nyumba mpya katika maeneo ya mafuriko ziinuliwe futi mbili juu ya kiwango cha mafuriko yenye uwezekano wa kutokea mara moja katika miaka 500. Tarehe 25 Agosti 2018, mwaka mmoja baada ya Harvey, wapigakura wa kaunti ya Harris waliidhinisha mkopo wa dola bilioni 2.5 kwa ajili ya mifereji, mabwawa na kununua nyumba zilizo mahali pa hatari. Tangu 1985 kaunti hiyo imenunua na kubomoa maelfu ya nyumba zinazofurika mara kwa mara, na ardhi yake kuachwa wazi ili maji yapate nafasi.

Buffalo Bayou, mto uliokuwa ukionekana kama mtaro tu, sasa una bustani ndefu yenye njia za kutembea na baiskeli. Mvua ikinyesha, bustani hufurika. Maji yakipungua, tope huondolewa na watu hurudi. Katika suala la makazi, jiji, kaunti na mashirika yaliamua kufanya kazi pamoja na kuwapa watu wanaolala nje nyumba kwanza, na idadi yao imepungua kwa zaidi ya nusu tangu 2011.

Hatua hizi zinaonyesha kwamba makosa hurekebishika. Zinaonyesha pia kwamba kurekebisha ni ghali kuliko kupanga. Kuacha kingo za mto wazi kabla ya watu kujenga kungegharimu sehemu ndogo ya pesa zinazotumika sasa kununua nyumba na kuzibomoa.

MASWALI MATANO KABLA YA KUNUNUA AU KUHAMA

Mkazi anayefikiria kununua ploti katika mji unaokua, iwe karibu na makao makuu ya kaunti au kwa kumtumia pesa jamaa aliye ng'ambo, anaweza kuchukua maswali haya kutoka kwa yaliyowapata wengine.

1. Maji ya mvua yanaelekea wapi? Ploti itembelewe wakati wa mvua za masika, si kiangazi pekee. Wazee wa mtaa waulizwe maji yalifika wapi katika mvua za El Niño za 1997 na katika mafuriko ya Aprili na Mei 2024. Majani marefu ya kinamasi na udongo mweusi unaopasuka ni dalili za kuangaliwa.

2. Mchoro wa ploti unasema nini? Rekodi za umiliki zithibitishwe katika afisi ya ardhi, na mchoro usomwe wote, pamoja na maandishi madogo, hifadhi za barabara, kingo za mito na njia za umeme. Asiyeelewa amtafute mpima ardhi au wakili kabla ya kulipa, si baada ya kulipa.

3. Gharama ya kila mwezi ni ipi? Bei ya ploti ni mwanzo tu. Nauli ya matatu au bodaboda kwa kila mtu wa nyumba, maji, umeme, kuondoa taka na kodi ya ardhi vijumlishwe pamoja kabla ya kulinganisha ploti ya mbali na nyumba ya kukodisha karibu na kazi.

4. Maji ya kunywa yatatoka wapi, na majitaka yataenda wapi? Ikiwa jibu ni kisima, kibali hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na umbali kati ya kisima na vyoo, vya mwenye ploti na vya majirani, ni jambo la afya.

5. Jirani anaweza kujenga nini? Mpango wa matumizi ya ardhi wa mji husema kama eneo ni la makazi, biashara au viwanda. Anayenunua mahali pasipo na mpango ananunua pia lolote litakalokuja kando yake.

NAFASI YA MKAZI KATIKA MIPANGO YA KAUNTI

Tofauti moja kati ya Houston ya zamani na Kenya ya leo inampa mkazi nguvu. Katiba ya 2010 iliziachia serikali za kaunti mipango na maendeleo ya kaunti, mifereji ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa, huduma za maji na usafi, na utupaji taka. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka kila anayetaka kujenga au kubadilisha matumizi ya ardhi apate idhini ya kaunti kwanza. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 inawapa wakazi mabaraza ya kutoa maoni kuhusu uendeshaji wa miji yao. Kwa hivyo maamuzi yanayoamua maji yatapita wapi hufanywa karibu, mahali ambapo mkazi anaweza kufika kwa miguu au kwa matatu moja.

Kalenda ya bajeti ni muhimu vilevile. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Mtaro unaotakiwa katika wadi ukikosa kutajwa katika mpango, ni vigumu kupata pesa baadaye. Vikao vya ushiriki wa umma hutangazwa katika afisi za wadi, na maoni yaliyoandikwa hupokelewa pia kutoka kwa asiyeweza kuhudhuria.

Mikutano hii mara nyingi huhudhuriwa na watu wachache, hasa mada inapokuwa ramani na mifereji. Barabara na zahanati huvuta watu, mtaro hauvuti. Lakini kwa wakazi wa magharibi mwa Houston, maandishi madogo kwenye ramani ndiyo yaliyoamua kama nyumba ingebaki kavu au la, na yaliandikwa miaka mingi kabla ya wao kuhamia hapo. Katika miji ya kaunti inayokua sasa, ramani nyingi bado zinachorwa. Mkazi anaweza kuomba kuziona katika afisi ya mipango, kuuliza ploti yake au shamba la familia liko wapi kwenye ramani hiyo, na kusema anachokijua kuhusu maji ya mahali pake kabla wino haujakauka.